Mama Aliyeondoka Polepole Hawezi Kuzuka

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Umoja, hapa Nairobi. Nina miaka 27. Mama yangu aliugua figo miaka sita na mimi ndiye niliyemuuguza. Chuo niliacha mwaka wa pili. Alifariki Agosti iliyopita. Nimeandika hadithi fupi ambamo anarudi usiku kama mzuka. Rafiki yangu ameisoma, anasema inatisha lakini haimlizi mtu. Shangazi naye anasema ninaita mapepo nyumbani. Nimekosea wapi? Hadithi za mizuka zinawezaje kubeba huzuni ya ugonjwa na ya miaka iliyokwenda? Na mwishoni niseme ilikuwa ndoto? Nimekutumia kurasa zote saba."

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Makiwa. Agosti haijaenda mbali, na najua huu ndio wakati ambapo waliojaa matangani wamesharudi kwenye shughuli zao na simu zimepungua.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili: mara ya kwanza ndani ya matatu, tumekwama Jogoo Road na mvua inanyesha; mara ya pili mezani, kalamu mkononi. Rafiki yako amekuambia kweli. Ila hakukupa sababu, na sababu yenyewe iko kwenye kitenzi kimoja.

Ukurasa wa pili stima zinapotea, mlango wa bafu unajibamiza, na "ghafla mama akazuka kwenye korido", nywele timutimu, macho meupe, ukelele wa kuwaamsha majirani wa chini. Hapo umelitii neno lenyewe. Mzuka ni kitu kinachozuka: hakikuwepo, sasa kipo mbele yako, moyo unaruka. Kiswahili kina majina mengi ya viumbe hawa na kila jina lina mwendo wake. Mzimu una makao, mti au pango, na watu ndio wanaouendea. Pepo hupanda kichwani akashushwa kwa ngoma. Jini huhamia nyumbani kama mpangaji, akaanza kudai ubani na marashi. Mzuka huzuka tu. Anafaa sana kwa hadithi ya mtu aliyekufa ghafla, tuseme aliyegongwa na gari Mombasa Road na chakula chake bado kimefunikwa mezani. Kifo chake kilizuka, naye anazuka.

Mama yako hakufa hivyo. Alichukua miaka sita kuondoka. Kwanza viatu viliikataa miguu iliyovimba, kisha ladha ya chakula ikaenda, kisha kanisa la Jumapili, kisha ngazi za ghorofa ya tatu, kisha usingizi. Mtu aliyeondoka kipande kipande hawezi kurudi mzima kwa kishindo. Msomaji atashtuka, atapepesa macho, atafungua ukurasa unaofuata. Hakuna alichokumbushwa.

Nimefanya hesabu ambayo hukuifanya, au uliifanya ukaogopa kuiandika. Unasema mama aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Hizo ni saa nane kwa wiki, 416 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni saa 2,496. Zigawe kwa 24: siku 104 kamili, usiku na mchana, mama akiwa kitini na sindano mbili mkononi, wewe kwenye benchi la nje. Hapo sijagusa foleni, wala asubuhi za kuambiwa mashine imeharibika njooni kesho, wala safari ya kurudi, mama akitapika kwenye kopo ulilobeba kwenye kikapu huku kondakta akijifanya anahesabu pesa. (Sentensi hiyo ya kondakta usiiguse. Ni nzuri kuliko ukelele wote wa ukurasa wa pili.)

Sasa nikuulize: mama alizikwa, alikeshewa, michango ikatumwa kwa simu, jina likasomwa kanisani. Saa zile 2,496 zilizikwa wapi? Nani alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari kukupa pole ya miaka yako? Tuna matanga ya mtu. Matanga ya wakati hatuna. Na anayeuguza ana misiba miwili mkononi, mmoja wenye kaburi na mwingine usio hata na jina.

Hapo ndipo hadithi za miujiza zinapopata kazi yao, na ndiyo maana siwabezi wanaoziandika. Hadithi ya kawaida itatuambia miaka sita ilipita, nasi tutaitika kwa kichwa. Hadithi ya miujiza inaweza kuiacha miaka hiyo ibishe hodi, iingie, ivute kiti. Mama wa hadithi yako ni mlango tu. Mlangoni anapita yeye na ile miaka, na nyuma yake msichana wa mwaka wa pili aliyefunga begi akasema atarudi muhula ujao.

Hata lugha yetu inakuonea kidogo. Tunasema "nimepoteza muda" kwa sauti ileile ya "nimepoteza funguo", kana kwamba ni uzembe. Ukurasa wa kwanza ulianza kuandika "nilipoteza miaka sita", ukaikata, ukaandika juu yake "nilimpa mama miaka sita". Nimeiona kwa sababu ulipiga picha daftari badala ya kuchapa. Sentensi zote mbili ni kweli, na mtu anayeuguza huzisema zote ndani ya siku moja. Rudisha ile iliyokatwa. Hadithi ya mzuka ina nafasi ya kuzishika mbili bila kuchagua.

Twende ukurasa wa tano sasa, maana hadithi yako imejificha huko.

Umeeleza kikombe cha plastiki cha kijani kilichochorwa mstari kwa kalamu ya wino mzito. Hayo ndiyo maji ya mama ya siku nzima, pamoja na chai na mchuzi. Figo zikifa, maji hayana pa kutokea. Hubaki mwilini, huvimbisha miguu, hupanda hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa hupandishwa kwenye mizani kabla ya mashine na baada yake, na tofauti ya uzito huwa ni maji tu. Wewe ulikuwa ndiye askari wa kikombe. Unasema mama alikuwa akiweka kipande cha barafu ulimini na kukiacha kiyeyuke macho yamefumbwa. Unasema wewe mwenyewe ulianza kunywa maji yako bafuni, bomba umelifungua, ili asikusikie ukimeza.

Binti, hiyo ndiyo hadithi. Umeitia kama maelezo ya kupita, kati ya ukelele wa kwanza na wa pili.

Hebu fikiria mama harudi kwa ukelele. Stima zipo. Umetoka kazini, umefungua mlango, kwenye sinki kuna glasi iliyotumika. Glasi, si kile kikombe. Siku ya pili ziko mbili. Siku ya tatu mtungi wa lita ishirini ulionunua kwa mwenye mkokoteni asubuhi umefika nusu, na mtu wa Umoja anajua uchungu wa mtungi uliofika nusu bila sababu wakati bomba ni kavu tangu Jumanne. Usiku wa nne unamsikia jikoni. Anagugumia. Mtu anayekunywa bila kupimiwa, glasi juu ya glasi, akipumua kati ya moja na nyingine kama mtoto aliyetoka kucheza.

Utafanya nini? Mkono wako wa miaka sita utakwenda kumpokonya glasi kabla moyo haujakumbuka kwamba amekwisha kufa na hakuna tena figo ya kulinda. Msomaji atalia hapo, na ataogopa hapohapo, kwa kitu kimoja. Hutahitaji macho meupe.

Si lazima iwe maji. Ule mshipa wa mkononi ambao madaktari huuunganisha na mwingine ili sindano zipate njia, ukiuwekea kidole unavuma, kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa. Wewe uliwahi kulala ukiwa umeushika, ukurasa wa tatu. Mzuka usio na mapigo ya moyo lakini bado unavuma mkononi, huo nitausoma hadi asubuhi. Ninachotaka uone ni kwamba muujiza wako utoke ndani ya sheria za ugonjwa uleule. Tafuta sheria iliyowaumiza zaidi, kisha uache ivunjwe hiyo moja tu. Ukivunja zote, ukampa mama na kupita ukutani, na kuruka, na kujua yajayo, hakuna hata moja itakayouma.

Umeniuliza hadithi za aina hii hubebaje miaka iliyokwenda. Huo si mzigo mpya. Waislamu wa hapa jijini husoma Sura ya 18 kila Ijumaa, na humo kuna vijana waliolala pangoni. Wanapoamka mmoja anauliza tumekaa muda gani, na jibu ni siku moja, au sehemu ya siku. Aya ya 25 inasema miaka mia tatu na tisa juu yake. Wanamtuma mwenzao mjini na fedha yao akanunue chakula, na masimulizi yaliyozunguka kisa hicho huongeza kwamba sarafu ndiyo iliyowafichua: mwenye duka akaitazama, akamtazama mteja. Hakuna jinamizi pale. Kuna mtu amenyoosha mkono wenye pesa halali ya dunia ambayo haipo tena.

Anayetoka kuuguza ni mtu huyo. Benki Kuu ilipoleta noti mpya mwaka 2019, zile za elfu za zamani zilikoma kuwa pesa mwisho wa Septemba. Namjua mjane aliyezikuta chini ya godoro miaka miwili baadaye, kumi na nne, zimekunjwa ndani ya soksi ya mumewe. Alisema hakulia mazikoni alivyolia mbele ya soksi ile. Wewe una kadi ya chuo iliyokwisha muda; umeitaja mara moja ukaiacha. Wenzako wa darasani walishahitimu, mmoja sasa ni bosi wa ofisi unayoomba kazi, na wewe umeshika sarafu ya pangoni. Kadi hiyo irudishe kwenye hadithi. Ukipenda, mpe mama aishike.

Halafu kuna Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye mwaka 1952 alitoa The Palm-Wine Drinkard. Mlevi amefiwa na mgema wake, anaamua kumfuata hadi Mji wa Wafu akamrudishe. Watu wengi hukumbuka vioja vya njiani. Mimi nakumbuka wanavyokutana. Wafu wa mji ule wanatembea kinyumenyume. Mgema anaeleza kwamba ilimbidi asomee kufa miaka miwili ndipo akahesabiwa kuwa mfu kamili, na sasa hawezi kurudi kuishi na walio hai. Anampa rafiki yake yai. Hata kufa kuna mafunzo na kalenda yake! Nilipoisoma mara ya kwanza, kijana wa chuo, nilicheka. Niliporudia baada ya baba yangu kuugua sikucheka, kwa sababu ugonjwa mrefu ndiyo ile miaka miwili ya mafunzo, ila inaanza mapema, na wewe uliyebaki unamsindikiza darasani.

Mwandishi Mwingereza Mary Shelley ni mfano mwingine, na hapa naleta maisha yake kwa kuwa yanakuhusu. Mapema mwaka 1815 alijifungua mtoto kabla ya wakati, na mtoto huyo akafa baada ya siku chache. Machi aliandika kwenye shajara kwamba ameota mtoto amefufuka: alikuwa amepoa tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Akaamka, mtoto hayupo. Riwaya yake, Frankenstein, ilichapishwa 1818. Sisemi riwaya nzima ni ndoto ile. Ina mambo mengine mengi. Lakini angalia alichokifanya na "alikuwa amepoa tu". Hakukitumia kujifariji. Aliuliza: haya, akifufuka kweli, nani ataweza kumtazama? Mwanasayansi wake anapoona kiumbe kimefumbua macho, anakimbia.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo hukuliandika lakini nalinusa kwenye kurasa zote saba. Mtu anayeuguza muda mrefu huomba mambo mawili yasiyopatana. Huomba apone. Na usiku mmoja, saa tisa, amechoka hadi mifupa, shuka la tatu limeshalowa, huomba iishe. Siku inapoisha, anagundua ni ombi la pili lililojibiwa. Ngano za kila mahali zina jini anayekupa ulichotaka, na kisha unatamani kukirudisha. Nadhani zimedumu kwa sababu ya saa tisa hiyo ya usiku. Kwenye maisha ya kila siku hakuna mtu wa kumwambia uliomba nini. Mbele ya mzuka unaweza, kwa kuwa yeye alikuwepo chumbani, na huenda alisikia. Sikulazimishi uliandike. Lakini kama mama yako wa hadithi anapiga ukelele kwa sababu anajua, basi nipe anachojua, na ukelele utaacha kuwa kelele.

Nirukie mengine harakaharaka. Kuna riwaya ya Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001. Ni kazi kubwa, lakini babu yule haji kuliliwa. Anakuja kudai hesabu kwa mjukuu na kwa nchi. Usimwige kwa hadithi hii. Na rafiki yako akikushauri upange hadithi kwa zile hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kujadiliana, sononeko, kukubali), mwambie daktari Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza mwaka 1969 alikuwa amekaa na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si na wafiwa, na huzuni haipandi ngazi.

Kuna jambo la majina ambalo ni karibu zaidi na sisi. Chinua Achebe wa Nigeria, katika riwaya ya Things Fall Apart ya 1958, aliandika mama aliyezaa watoto kumi na kuzika tisa wakiwa wachanga, na mganga akasema ni mtoto mmoja yuleyule mwovu anayekuja na kuondoka. Madaktari na wasomi wamehusisha imani hiyo na selimundu, ugonjwa wa damu unaopita katika ukoo. Kabla ya kusema imani ile ilikuwa ujinga, fikiria ilichompa mama: mtu wa kugombana naye. Na huhitaji kwenda Nigeria. Kila mtaa wa Nairobi una Kariuki, jina lenye maana ya aliyefufuka. Kuna bibi aliyempa mtoto jina hilo kwa mara ya kwanza, na alikuwa na sababu.

Baba yangu sikutaka kumtaja sana, lakini nimeshamgusa. Alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Kwenye ugonjwa huo kumbukumbu za juzi huondoka kwanza na za ujana hubaki nyuma kabisa, kwa hiyo mgonjwa huishi akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, kama wafu wa Tutuola. Alikuwa akivaa koti saa kumi na moja alfajiri, anasimama mlangoni, ananiuliza kama basi la Nyayo limeshapita. Mabasi ya Nyayo yalitoweka barabarani miaka ya 90. Mwanzoni nilimsahihisha. Nilimwambia mwaka, nikamwonyesha kalenda, akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto anayesema uongo. Baadaye nilijifunza kujibu, "Bado, baba, linakuja," nikasimama naye. Tulingoja basi hilo mara nyingi. Mtaalamu mmoja wa familia wa Marekani, Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 ameandika juu ya msiba wa namna hii, mtu yupo kwa mwili na hayupo kwa akili, na anasema ni mgumu kwa sababu hauna siku ya kuanza. Ni kweli. Lakini ukiniuliza ni nani kati yetu alikuwa mzuka pale mlangoni, baba au mimi, nitakuambia ni mimi. Yeye alikuwa nyumbani, mwaka 1988, anawahi kazini. Mimi ndiye niliyetokea kwenye maisha yake kutoka wakati ambao bado haujafika.

Jaribu kugeuza hivyo kwenye ukurasa wa sita. Mama yuko jikoni, mzima, miguu haijavimba, na wewe ndiye unayemtisha.

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika kitabu mwaka 1969 akayachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza wakati wa Kiafrika kwa wasomaji wa Kiingereza. Alisema marehemu hazami zamani siku anapozikwa. Hubaki kwenye sasa, kati ya walio hai, maadamu kuna mtu aliyemjua kwa jina; anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama. Wapo wanaompinga kwa mengine aliyosema kuhusu wakati, na ubishi huo ni mrefu. Kwa mwandishi wa mizuka hilo la jina linatosha. Tena linakupa kitu cha kutisha kisicho na damu: siku moja wewe ndiye utakuwa wa mwisho kujua kile kikombe kilikuwa cha rangi gani.

Sasa shangazi. Usibishane naye, ni mfiwa pia. Aliyekufa ni wifi yake. Mwambie kwa upole asome 1 Samweli 28. Mfalme Sauli amekwama, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ampandishie marehemu Samweli. Samweli anapanda akiwa amekasirika kwamba amesumbuliwa, na habari anazompa ni mbaya. Biblia inakataza jambo lile na haimsifu Sauli, shangazi atakuwa na haki hapo. Lakini aendelee hadi mwisho wa sura. Sauli ameanguka chini, hajala mchana wote wala usiku wote. Yule mwanamke anachinja ndama wake wa nyumbani, anakanda unga, anaoka mkate, anamlisha. Kisa cha mzuka kinaishia mezani. Nimehudhuria matanga mengi na sijaona maelezo sahihi zaidi ya jinsi usiku ule unavyokwenda: waliokufa wamesema yao, na mtu lazima apike. Na kuandika kisa si kupandisha mtu. Aliyekiandika kile hakuwa mganga.

Kuhusu ndoto, hapana. Mimi nimesahihisha insha za darasa la nane miaka kumi na moja. Nimeliwa na simba, nimetekwa na majambazi, nimeanguka na ndege, na kila mara mstari wa mwisho ni "kumbe ilikuwa ndoto". Mtoto wa miaka kumi na nne nilimsamehe, alikuwa anakimbizana na kengele. Wewe huna kengele. Ukisema ilikuwa ndoto, umemwambia msomaji kwamba maji hayakunywewa.

Ila pia usituapie kwamba mama alikuja kweli. Mhakiki Tzvetan Todorov, mwaka 1970, alisema fasihi ya aina hii huishi kwenye kusitasita: msomaji hajui kama aelewe kwa sheria za dunia hii au za nyingine, na mara anapojua, hadithi inageuka kuwa kitu kingine. Nadhani alikuwa mkali mno, kwa sababu kwetu watu wengi hawasitisiti. Bibi yangu alikuwa akimwaga tone la chai chini kabla ya kunywa na hakuona kioja chochote. Lakini kwa hadithi yako ushauri wake unafaa. Glasi sinkini inaweza kuwa yako mwenyewe, uliyeamka usiku ukanywa ukiwa usingizini, mara ya kwanza baada ya miaka sita bila kufungua bomba. Usituambie ni ipi. Mtungi ufike nusu, basi.

Rasimu ya pili nitumie bila haraka. Ukelele wote utoe, ubaki mmoja kama utaushindwa kabisa. Kondakta abaki, kikombe kibaki, kadi ya chuo irudi.

Na kuna kitu nilikitia alama nyekundu kisha nikaifuta. Ukurasa wa kwanza mhusika wako ana miaka 27. Ukurasa wa sita, mama akiwa chumbani, jirani anamwuliza umri, naye anajibu 21. Mara ya kwanza, kwenye matatu, nilidhani umesahau. Usisahihishe.